Ukoo wa Mswaki

Hushuka alfajiri na lori la mkaa kutoka Taru,
mabunda yamekazwa kwa mpira wa baiskeli,
yamevikwa gunia bichi yasipasuke kwa joto:
mizizi, si matawi.
Shangazi Mbodze hauzi matawi.
"Tawi ni la mwenye haraka," husema,
"mzizi ni wa mwenye meno."

Nyuma ya Marikiti, ubavu wenye kivuli,
ndoo ya rangi iliyopinduliwa ndiyo meza.
Kushoto, Kadzo na sukuma wiki anayoirashia maji;
kulia, Bakathir na mapapai yaliyopasuliwa,
mbegu nyeusi zikiteleza mtaroni.
Na mimi juu ya kreti, bahasha ya kaki mapajani,
mwezi wa saba huu narudishwa dirishani:
lete jina la baba wa baba yako.

Jumanne akaja Mghoi, wa chuo,
mbao mbili kwapani, magazeti ya zamani katikati,
ya kukaushia majani.
Akanunua mzizi mmoja, hakuomba apunguziwe.
"Kitabuni," akasema, "huu ni Salvadora persica.
Jina la kwanza la mtu, la pili la nchi."
"Huyo mtu alipata kufika Taru?"
"Hapana."
"Na hiyo nchi?"
Kadzo akacheka hata maji ya kopo yakamwagika.

Mghoi naye akacheka, kisha akatupa habari ya kuhamahama:
kwamba wataalamu waliuweka kwanza jirani na mzeituni,
wakautoa, wakautia kwingine, wakaona haukai,
hata walipojua kusoma kilichoandikwa ndani ya chembe za jani
wakaukuta una ndugu:
kabichi. Haradali. Sukuma wiki. Mlonge.
Mpapai.
Oda moja.

Bakathir akashusha kisu.
"Papai langu na kijiti cha nyika?"

Na kule nyikani, nikawaza, miaka yote waliyouhamisha,
kichaka hakikusogea hatua.
Kililaza matawi mchangani, kikaficha kwale na nyoka,
mbuzi wakala chumvi ya majani yake.
Hakuna aliyekipelekea barua.

Shangazi hakujibu. Alinyoosha mkono kulia,
akaokota mbegu tatu za papai;
akanyoosha kushoto, akakwanyua bua la sukuma;
akafungua pindo la leso, mlikuwa na kipande cha mzizi wa mlonge,
dawa yake ya mafua.
Akamega na mswaki.
"Tafuna. Kimoja kimoja. Usimeze upesi."

Mghoi akatafuna.
Nami nikatafuna, sikualikwa.

"Pilipili hukaa ulimini," shangazi akasema.
"Huu ukali je, umekwenda wapi?"
Mghoi alikuwa ameshika pua, mato yamemjaa maji.
"Umepanda."
"Wote?"
"Wote."
"Basi. Mie sikusoma, lakini kinywa hiki
kiliwaweka nyumba moja wewe hujazaliwa."

Akatoa karatasi ya kubandika chini ya jani,
akaanza kuijaza gotini.
Mahali: Mombasa.
"La," shangazi akamkata. "Hapa umepita tu, kama mkaa.
Andika Taru."
Akafuta, akaandika Taru.
Mstari wa mwisho ulisema: *Aliyeutambua.*
Kalamu ikasimama. "Jina lako, mama?"
"Mbodze."
"Mbodze binti nani?"

Shangazi alinitazama mimi, akaitazama bahasha.
"Mbodze," akasema. "Karatasi itosheke."

Ilitosheka. Niliona kwa mato yangu
wino ukikauka juu ya neno moja.

Puani bado kulikuwa kunawaka.
Mteja akainama, akauliza bei,
akasema mbona ghali, kule Bondeni ni nusu.
"Hayo ni matawi," nikamjibu.